Chuma Kisichojua Kukaba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umeketi mahali pako karibu na dirisha, mguu umeuweka juu ya kigoda, na redio umeifungulia sauti mpaka majirani wanasikia habari bila kununua redio zao. Natumaini mguu umetulia na baridi hii haikusumbui sana. Wifi naye natumaini kile kikohozi kimemwachia, maana mara ya mwisho nilipoongea naye kwenye simu nilisikia kikohozi kingi kuliko maneno. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba mitungi ya hewa haijawahi kupungua uzito.

Binti yako ni mzima. Nakuwahi hapa mwanzoni kwa sababu najua ungeruka aya zote kulitafuta neno hilo. Ni mzima wa afya, anakula vizuri, na anaongea bila kituo. Jina la Kasuku ulilompa utotoni bado linamkaa kama nguo iliyopimwa. Yaliyotokea nitakueleza, lakini soma ukijua mwisho wake ni uzima.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe kwenye simu humwachi mtu afike mwisho wa sentensi. Karatasi haikatizwi kauli.

Kwanza nitoe dukuduku langu, maana nisipolitoa litanikwama kooni na barua itaharibika. Siku ile tulipokutana wote kwa mjomba, ulisimama mbele ya wakubwa na wadogo ukasema kwamba mimi nampeleka mwanao chini ya maji na vyuma vya makumbusho, eti kwa sababu kununua vipya kunanitoa jasho. Watu walicheka. Binamu yetu yule mwenye maneno akaongeza kwamba dada huyu ni mkono wa birika, hata hewa anaipima kwa kijiko. Na mimi nilicheka, kaka, kwa meno tu. Tangu hapo ndilo jina langu. Hata watoto wa shuleni wakinipigia simu ya salamu nasikia mtu nyuma akiuliza kama Shangazi Birika hajambo.

Wewe unajua kuliko wote kwamba kazi hii sikuirithi. Niliianza kwa kufagia chumba cha kompresa cha watu, nikapanda kuwa mjaza mitungi, nikajifunza kufungua na kufunga regulata nikichungulia kwa fundi aliyekuwa akinifukuza, na leo nina karakana yangu, chumba kimoja chenye meza ya bati na taa mbili, na watu wanaoniamini kwa pumzi zao. Mtu aliyefika hapo hafiki kwa ubahili. Anafika kwa hesabu. Na hesabu yangu ya regulata naiweka mbele yako sasa, kwa maneno mepesi, ili wifi naye aelewe ukimsomea.

Ndani ya mtungi hewa imeshindiliwa mara mia mbili ya hii tunayovuta sebuleni. Ukifungulia ikuingie hivyo hivyo, inakupasua. Regulata ndiyo inayosimama katikati. Ina kichwa kinachofungwa kwenye shingo ya mtungi, halafu hozi, ule mpira wa kupitisha hewa, halafu kidomo unachokiuma kwa meno. Unapovuta, inakupa. Unaponyamaza, inanyamaza. Ukishuka zaidi, inaongeza nguvu ya hewa ilingane na uzito wa maji yaliyokuzunguka, bila kuulizwa. Nimefanya kazi hii mpaka nywele zimebadilika rangi, na bado kila nikishuka mita za kwanza nikasikia ile hewa ikija, nashangaa kama mtu aliyegonga ukuta ukafunguka.

Sasa ndani ya kichwa cha zile regulata zangu za makumbusho kuna kitu kimoja tu kinachotembea. Pistoni moja, springi ya kuisukuma, na oringi chache, zile pete za mpira za kuzuia hewa isivuje. Basi. Kwenye kidomo, valvu inafunguka kwa kuelekea kule kule hewa inakokwenda. Maana yake, springi ikichoka au tope likiingia, hewa inavuja kuja kwako, haikufungii. Chombo cha aina hii kikiharibika kinamwaga, hakinyimi. Kinaweza kukuudhi, kinaweza kukumalizia mtungi, lakini hakijui kukaba. Neno hilo liweke mahali, nitalirudia.

Chombo kipya ulichomtumia Kasuku ni kizuri, sikatai. Kinang'aa, chepesi, na kina kitufe cha kulegeza pumzi, kipete cha kubadilisha mkondo wa hewa, na shingo inayozunguka ili hozi isimvute mdomo. Nilikifungua kabla hajakigusa. Kile changu kikifunguliwa, vipande vinakaa kwenye kitambaa cha leso na nafasi inabaki. Chako kilijaza taulo. Kila kiungo kinachozunguka ni mlango, kila mlango una oringi yake, na kila oringi ina siku yake. Katika maji masafi ambako mtu anashuka kutazama samaki, siku hiyo iko mbali. Sisi tunafanya kazi kwenye tope. Nilimweleza Kasuku kwamba kitabaki rafuni, akaniambia kwa upole kwamba baba atauliza.

Na kweli ukauliza. Ukanipigia, ukasema mtoto ni wako na si wangu, na kwamba zawadi ya baba haitundikwi msumarini kama kofia ya marehemu. Nilimeza shubiri. Nikakubali ashuke nacho mara moja tu, na mimi nishuke naye bega kwa bega. Nilitaka amani, kaka. Sikutaka mwanao awe kamba ya kuvutana kati yetu.

Kazi ilikuwa kwenye lile bwawa linalonywesha mji. Wenyewe walikuwa wamezima pampu, na sisi tulitakiwa kusafisha machujio ya chuma yanayozuia takataka zisiingie kwenye bomba kuu. Juu kwenye jahazi letu la bati — naliita jahazi kwa heshima, ni mapipa yaliyofungwa mbao — alibaki mshika kamba wetu, yule tunayemwita Kobe kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo lolote isipokuwa chakula. Alikagua kifaa kipya cha Kasuku, akauliza kama hicho nacho kinapokea simu.

Tulishuka. Unayakumbuka maji yale. Juu kijani, kama chupa. Chini kidogo rangi ya chai, halafu nuru inakuaga, unabaki na duara la tochi yako. Kwenye mita ishirini na nne chujio lilitokea mbele yetu kama geti la nyumba ya jitu, nondo moja baada ya nyingine zikipotea gizani juu na kando. Magugu yalikuwa yamelishikilia kama nywele kwenye chanuo. Hakuna sauti ila ya pumzi zetu wawili. Nilikuwa naiona tochi ya binti yako ikienda taratibu, mkono wake ukikata na kuvuta, bila papara, na moyo wangu ulijaa. Kasuku wa mezani ni mtu mwingine chini ya maji. Kule ananyamaza kama mtu aliye mbele ya kitu kikubwa.

Halafu nikasikia ngurumo.

Ile shingo inayozunguka ilikuwa imemeza tope. Oringi yake ilisukumwa nje, na hewa yote ya mtungi ikawa inatoka pembeni mwa shavu lake. Mwanga wa tochi ukajaa mapovu, meupe, makubwa, kama mtu amemwaga gunia la shilingi mpya kuelekea juu. Kwa kina kile hewa inakwisha haraka zaidi ya mara tatu kuliko huku juu, na ile haikuwa inavutwa, ilikuwa inakimbia. Kidomo chake cha akiba hakikuwa na msaada, maana kinanyonya mtungi huo huo.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Kwenye karakana yangu kuna sheria moja ambayo kila anayeingia anaimba kabla hajaguswa na maji. Mwenzako akikosa hewa, usimpe cha akiba kilichoning'inia. Mpe cha mdomoni mwako. Cha akiba huenda kimeingia tope, huenda kimekunjika, hujui. Cha mdomoni unakijua, umetoka kukivuta sasa hivi. Wewe mwenye pumzi moja mapafuni ndiye uhangaike na cha akiba. Wageni wakisikia sheria hiyo huniuliza kama nina akili timamu. Yaani mtu ajitoe kidomo mdomoni kwenye giza, ampe mwingine? Nawaambia ndiyo, na asiyeweza aende akauze magodoro.

Mwanao hakukimbilia juu. Kaka, umesikia? Kila mshipa wa mwili katika hali ile unapiga kelele juu, juu. Aligeuka, akanitafuta kwa tochi, akaweka kiganja kooni kwa ishara tuliyomfundisha, akangoja. Nilikuwa nimeshajitoa kidomo. Nilimpa, akakiuma, akapuliza maji, akavuta. Nikaona kifua chake kikipanda. Nikakitwaa cha akiba kilichofungwa chini ya kidevu changu, nami nikavuta.

Tulikaa hivyo tumeshikana mikanda, wawili kwenye mtungi mmoja, kichwa kimoja cha regulata, pistoni moja ndogo kama kizibo cha chupa ikienda na kurudi, ikimpa yeye, ikinipa mimi, ikimpa yeye. Nilikuwa naisikia mgongoni, tik, tik. Haikusita. Juu yetu kuna mita ishirini na nne za maji, mbele yetu chuma cha jitu, na kitu kilichotushikilia duniani ni springi na oringi chache nilizozipaka mafuta kwa kidole changu. Sijawahi kuwa mtu wa kulia, na kulia ndani ya barakoa ni upuuzi, lakini nilikuwa karibu.

Nilifunga mtungi wake kuzima ile ngurumo, nikatazama geji yangu, kipimo cha hewa iliyobaki, nikapiga hesabu ya watu wawili, ikatosha. Tulipanda kwa mwendo wa mapovu madogo, mwenda pole hajikwai. Mita tano kutoka juu tukasimama kwenye kamba ya Kobe ili miili itoe taratibu ile hewa ya kina iliyoingia kwenye damu, kama inavyotakiwa, maana anayepanda mbio hulemaa. Na hapo, tukiwa tunaning'inia kwenye nuru ya kijani, Kasuku alinishika mkono ghafla. Macho yalikuwa yamemtoka. Alionyesha kidomo, akaonyesha kifua, akatikisa kichwa. Kilikuwa kimeanza kuwa kizito.

Sikushtuka. Nilimletea geji mbele ya macho. Sindano ilikuwa imeshuka kuelekea arobaini, kutoka ile mia mbili ya mtungi uliojaa. Nikamwonyesha sindano, nikamwonyesha kidomo, nikamwonyesha juu. Akaelewa. Hiyo ndiyo tabia ya hizi regulata za pistoni rahisi, na wauzaji huiita kasoro. Mtungi ukikaribia kwisha, pumzi inakuwa nzito kidogo kidogo. Zile za kisasa hukupa laini mpaka tone la mwisho, halafu hakuna. Hii inakuvuta nguo mapema. Inakuambia, ndugu, muda wa kurudi nyumbani umefika.

Tulipotoa vichwa nje, Kobe alikuwa ameshaona mapovu yale na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amesimama. Alituvuta, akatuvua mitungi, akamtazama mwanao aliyekuwa amekaa kimya kabisa, akasema kwamba amefanya kazi na Kasuku siku zote hizi bila kujua kumbe ana kitufe cha kuzimia. Binti akacheka mpaka akakohoa maji. Halafu akalia, halafu akaomba chai.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Tulipofika karakana hakutaka kwenda kupumzika. Aliomba akifungue kile nilichompa mdomoni. Nikamtandikia kitambaa cheupe kwenye meza ya bati, nikampa spana, nikakaa pembeni. Alitoa kichwa, akatoa pistoni, akaishika juu ya taa kama mtu anayekagua yai. Akaniuliza kama ni hiki tu. Nikamwambia ni hicho tu. Akakaa nacho mkononi muda, akasema kwamba amezoea kushangaa vitu vikubwa, mabwawa na milima, lakini hajui afanye nini na mshangao wa kitu kinachoenea kwenye kiganja.

Halafu akageuza kile kichwa akaona alama. Mikato miwili ya tupa iliyopishana, iliyochakaa lakini inaonekana. Kaka, mwanao anaijua alama hiyo. Iko kwenye nyundo zako, iko kwenye ile fimbo unayotembelea, iko mpaka kwenye kijiko chako cha uji ili mtu asikitumie. Alinitazama akauliza hiki ni cha nani.

Ni chako. Ndicho kile kile.

Siku ile ya mbizi yako ya mwisho, walipokutoa kwenye lango la chini la bwawa lile lile, ukiwa umepanda mbio bila kusimama, mguu umeshaanza kufa, ulikitema kidomo kwenye mbao, ukasema kilikukaba. Halafu ukaniangalia mikono. Hukusema zaidi na hujasema mpaka leo, lakini mimi ndiye niliyekuwa nakihudumia chombo chako, na kila mtu pale alifuata macho yako mpaka kwenye mikono yangu. Ulipotoka hospitali ulikitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, ukaacha kazi. Familia nzima ikajua, bila mtu kutamka, kwamba dada mdogo alikaza vibaya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huo mshindo nimeishi nao. Naamini ndio uliosema kwa mjomba, na ndio ulionunua kile chombo chenye vitufe.

Mimi nilikwenda kwenye lile rundo nikakiokota. Nilikifungua nikitafuta kosa langu. Hakikuwa na kosa. Pistoni ilikuwa safi, springi nzima, oringi nzima. Nikakifunga kwenye mtungi mwingine, nikavuta, laini kama usingizi. Ndipo nikaenda kwenye mtungi wako uliotoka nao chini, nikaweka geji. Sindano haikunyanyuka.

Hewa ilikuwa imekwisha, kaka. Ulikuwa unamalizia bolti za mwisho, nakujua, wewe ni mtu wa kumaliza, na hukutazama geji. Kilipokuwa kizito ukadhani kimekusaliti. Kilikuwa kinakuita urudi. Kilifanya kwako kile kile kilichomfanyia binti yako kwenye mita tano, ila yeye alikuwa na mtu wa kumwonyesha sindano, na wewe ulikuwa peke yako gizani. Si aibu hiyo. Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini.

Sikukuambia. Ulikuwa umelala na mguu usioitika, na kitu pekee ulichobaki nacho kizima kilikuwa jina lako la mpiga mbizi asiyekosea. Nikaona mikono yangu inaweza kubeba lawama kuliko wewe unavyoweza kubeba hilo. Nikakifanya chombo hicho kuwa changu. Kila niliposhuka, nilishuka nacho. Watu wakisema navishikilia vyuma vya kale kwa ubahili, niliwaacha. Ukweli ni kwamba niliendelea kukuvutia hewa pale ulipoishia, nikijiambia kwamba siku moja kitajisafisha chenyewe. Sikujua kitafanya hivyo mdomoni mwa mwanao.

Nakuambia leo kwa sababu Kasuku amejua. Aliunganisha mwenyewe, uzito ule na hadithi yako ya kukabwa, akaniuliza kama baba anajua. Atakuja nyumbani mwisho wa mwezi na hawezi kuficha kitu, unamfahamu. Sikutaka ulisikie kwake mbele ya watu. Lisikie kwangu, peke yako, hapo dirishani.

Zawadi yako nimeitengeneza, nimebadilisha oringi, iko safi. Atashuka nayo siku atakayokwenda kutazama samaki. Lakini kwa kazi ameniomba jambo moja. Ameomba kile chenye alama kiwe chake. Nimemwambia siwezi kumpa, mwenyewe yupo hai. Basi nimekifunga kwenye kitambaa kile kile cheupe, atakuja nacho mkononi. Kifungue. Bado una vidole vya kazi. Weka pistoni juu ya taa uitazame. Ukiona kwamba mtoto arudi nyumbani, mbakishe, mimi sitateta tena, mtoto ni wako. Ukiona vinginevyo, chukua tupa, uongeze mkato wa tatu pembeni ya ile miwili, umrudishie kikiwa chake.

Msalimie sana wifi, mwambie asukutue koo kwa maji ya chumvi. Nisalimie wajomba wote, na yule binamu mwenye maneno mwambie kijiko changu cha kupimia hewa bado ninacho na kimepima sawasawa. Kobe anakusalimu, anasema atakuja kukuona, ila hajasema mwaka gani. Mungu akulinde, akulindie na mguu.

Ni mimi mdogo wako,

Mkono wa Birika